Majani Yaliyozunguka Kushoto

Maji yalikuwa yameanza kutoa mapovu madogo kama punje za ulezi, na Mama Mvuke akaliondoa birika motoni kabla mapovu hayajafika ukubwa wa mtama.

"Unaunyima moto haki yake," alisema Fundi Saa, aliyekuwa ameketi mahali pake pa siku zote, meza ya karibu na dirisha. "Maji ya chai yanachemka. Ndivyo tulivyolelewa."

"Chai uliyolelewa nayo ni ya kupigana nayo. Hii ni ya kuzungumza nayo. Ukiimwagia maji yanayochemka inanuna, inakuwa chungu, halafu unaniambia sijui kazi."

"Mimi nakuambia hujui kazi hata ikiwa tamu."

Alicheka mwenyewe, akaegemea kiti. Duka lake la kutengeneza saa lilikuwa chini ya ngazi, na kila asubuhi, kabla hajafungua mlango wake, alipanda kwanza huku juu. Chumba kilikuwa chembamba, meza nne na rafu moja ndefu ya makopo ya bati. Mama Mvuke aliuza chai ya kijani tu. Alipoanza, mtaa mzima ulimcheka. Chai bila maziwa, bila sukari, waliuliza, hiyo ni kinywaji au adhabu? Lakini mvuke uliofunika kioo cha dirisha lake uliwavuta mmoja mmoja, ukampa na jina.

Alikuwa na ya kupikwa kwa mvuke, ambayo ukiinywa ni kama umelala chali kwenye nyasi mbichi. Alikuwa na ya kuchomwa, ya rangi ya udongo, aliyowapa wazee kwa sababu haifukuzi usingizi. Alikuwa na ya unga, aliyoipiga kwa kifagio kidogo cha mianzi mpaka ikatoa povu. Kulikuwa na ya asumini pia, kwa ajili ya wachumba, maana wachumba hawanywi chai, wananusa tu na kutazamana. Ila aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya kukaangwa kwa mkono kwenye karai la chuma, kwa kuwa ndiyo chai iliyomlea.

Na hii ya leo ilikuwa ya karai. Bwana Gunia, mchuuzi aliyeshuka milimani kila msimu na gari lake bovu, alikuwa ameiacha kwake alfajiri. "Onja," alisema. "Imetoka juu kabisa, mahali gari langu linapogoma. Ukiipenda nitakuletea zaidi. Nipo sokoni mpaka alasiri."

Mama Mvuke aliweka majani kwenye bilauri mbili za kioo, kwa sababu chai ya karai aliipenda kwa macho kwanza. Akamimina maji polepole, ukutani mwa bilauri, yasiyaangukie majani kichwani. Kisha akainama kutazama.

Jani lililoviringishwa kwa mkono likipata maji hulegea, hujifungua huku likizunguka, kama mtu anayejigeuza usingizini. Majani yote yaliyowahi kupita dukani mwake yalizunguka upande wa kulia, maana mikono iliyoyaviringisha ilikuwa ya kulia.

Haya yalikuwa yakizunguka kushoto.

Alikaa ameinama vile vile. Jani moja likazama, likazunguka kushoto. La pili likalifuata. Watu wa mkono wa shoto wako wengi duniani, alijiambia. Hata mwuza maziwa ni wa shoto.

"Umeona nzi?" aliuliza Fundi.

"Hapana. Kunywa."

Fundi akanywa, akaizungusha mdomoni kama alivyofundishwa, akameza. Nyusi zikapanda. "Leo umepata. Inaanza kama mboga changa, halafu mwishoni, ukishameza, kuna kitu kama ufuta uliokaangwa." Akanywa tena. "Aliyetengeneza hii ana mkono mzuri, Dada. Mwambie Gunia namsalimu mtu wake."

Neno ufuta lilimpiga Mama Mvuke kifuani. Alionja, akaukuta ufuta pale pale Fundi aliposema utakuwa, mwishoni kabisa, nyuma ya ulimi. Akamwaga majani ya bilauri yake juu ya kisahani na kulifungua jani moja kwa kucha. Karibu na kikonyo kulikuwa na doa dogo la kahawia. Akafungua lingine. Doa. La tatu. Doa, mahali pale pale.

Nyuma yake birika, ambalo alikuwa amelirudisha motoni bila kujijua, lilianza kuunguruma. Kifuniko kikaruka, maji yakamwagika juu ya makaa na chumba kikajaa moshi.

Fundi akasimama. Kwa miaka yote aliyokunywa chai mle ndani hakuwahi kuona maji yakichemka. "Mama Mvuke," alisema, "unaumwa?"

"Nenda kafungue duka, Fundi," alijibu bila kugeuka. "Nenda tu. Nitakuita."

*

Baba yake alikuwa na karai moja, na karai hilo lilikuwa na bonde. Liliangushwa kabla watoto hawajazaliwa, likabonyea upande mmoja wa chini. Kila mzunguko wa mkono, majani machache yalijificha mle bondeni, na usipoyachota kwa ncha za vidole yaliungua. Kwa hiyo mikono yao ilijifunza kazi pamoja na ule ubovu: sukuma, zungusha, chota. Sukuma, zungusha, chota. Hawakujua kuwa kuna watu wanaokaanga chai bila kuchota.

Alipokua na kununua karai lake mwenyewe, zima, mkono wake uliendelea kuchota bonde lisilokuwepo. Vidole viliyagandamiza majani kwenye chuma kitupu na kuyaachia doa la kahawia karibu na kikonyo, na ladha ya ufuta. Ilimchukua miaka kuuachisha mkono wake lile kosa, kama mtu anavyomwachisha mtoto ziwa.

Ni watu watatu tu waliofundishwa na karai lile. Baba alikuwa kaburini. Yeye mwenyewe alikuwa hapa, amesimama mbele ya makaa yaliyolowa. Aliyebaki alikuwa mdogo wake, ambaye tangu utotoni waliitwa yeye na mkono wake jina moja: Shoto. Baba alikuwa akimtania, "Majani yako yanatembea kinyumenyume kama kaa."

Na Shoto alikuwa amekufa. Walikwisha kumlilia.

Alikuwa msimamizi wa wachumaji huko milimani mwaka ule mvua zilipokataa kukoma, na mlima ukateremka juu ya kambi yao. Pamoja naye alikuwepo kijana wa pekee wa Fundi Saa, aliyekuwa amechoka na bisibisi za baba yake na kutaka kuona dunia. Siku ya kuondoka, Shoto aliweka mkono kifuani mbele ya duka. "Namchukua mzima, Kaka, nitamrudisha mzima." Waokoaji walimfukua kijana na kumleta kwa baba yake, na Fundi akamzika. Shoto hawakumpata. Walichimba mpaka wakachoka, wakasema udongo umemzika wenyewe.

Baada ya matanga, Fundi ndiye aliyepanda ngazi kuja kumpa pole, yeye mwenye msiba wake. Akaketi pale dirishani. "Mimi nina mahali pa kwenda kukaa nikimkumbuka wangu," alimwambia. "Wewe hata hapo huna." Alilia kwa ajili yake. Tangu siku ile hakuacha kuja.

Mama Mvuke aliketi sakafuni, akaiegemeza migongo ya mikono mashavuni. Alitaka kufurahi, na furaha ilikuwepo, aliisikia ikigonga, lakini mlangoni ilikuwa imekutana na kitu kingine na vyote viwili vimeshindwa kupita. Yuko hai. Kama yuko hai, mbona hakuja? Ng'ombe akivunjika guu hurudi zizini, na huyu alikuwa na zizi, na mama ndani yake.

"Mwanangu," sauti ilimwita kutoka chumba cha nyuma. "Kuna nini kinaungua?"

Mama yake alikuwa ameketi kitandani, mito mgongoni, mdogo kama mtoto aliyevaa nguo za mtu mzima. Moyo wake ulikuwa umechoka. Daktari alisema asishtuliwe, na tangu hapo Mama Mvuke hata kikombe kikivunjika alikiokota kwa kunyata. Bibi kizee hakuwa ameshuka zile ngazi kwa muda mrefu sana.

"Birika limenishinda, Mama."

"Wewe?" Bibi kizee akamtazama. "Uso wako umekuwa kama unga. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa," alisema Mama Mvuke. Akamtengenezea chai ya kuchomwa, ile ya wazee, akatoka kabla hajaulizwa lingine.

*

Sokoni, Bwana Gunia alikuwa amelala juu ya mali yake, kofia usoni.

"Chai ya asubuhi," alisema Mama Mvuke. "Nani ameikaanga?"

Kofia ikasogea kidogo. "Mbaya?"

"Nimekuuliza nani."

"Ni binti mmoja."

Alikuwa amejiandaa kwa jibu lolote isipokuwa hilo. Alishika ukingo wa gari. Yote aliyoyajenga njiani, kila hatua, yakamponyoka mikononi. Binti. Basi ni bahati tu, mtu mwingine, karai jingine lenye bonde. "Binti wa mkono wa shoto?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"La, hilo ndilo la ajabu." Bwana Gunia akaketi, maana alipenda hadithi. "Anakula kwa kulia. Ananisalimia kwa kulia. Ila akikaa mbele ya karai anafanya kazi kwa kushoto. Nikamwuliza, binti, mbona unajitesa? Akasema ndivyo baba anavyofanya. Na baba mwenyewe hafanyi tena. Mkono wake ulivunjwavunjwa na mawe zamani, vidole vimekunjamana kama kucha za ndege. Anakaa nyuma ya binti na kuusogeza huo mkono hewani, binti anaufuata. Utamsikia kutwa nzima: sukuma, zungusha..."

"Chota," alisema Mama Mvuke.

Mchuuzi akaivua kofia. Akamtazama upya, kama mtu anayegundua kuwa gunia alilokalia lina kitu hai ndani. "Unamjua?"

"Anaitwa nani?"

"Huko juu wanamwita Mgeni. Ameoa hapo, amezaa hapo, na mke amemzika hapo hapo, lakini bado ni Mgeni. Hasemi ametoka wapi. Nikiutaja mji huu anainuka, anakwenda kutazama kuni."

"Hajawahi kuulizia mtu wa huku?"

"Yule? Haulizi kitu yule." Akakuna shingo. "Labda mara moja. Msimu uliopita. Nilikuwa nimeshawasha gari, akaja dirishani. Akaniuliza kama yule fundi saa wa chini ya ngazi bado yu hai. Nikamwambia yu hai, na anafungua duka kila siku. Akashukuru, akarudi ndani."

"Hakuuliza mwingine?"

"Hakuuliza mwingine."

Hakuuliza mama. Hakuuliza dada. Soko lilikuwa na kelele zake zote, wenye mboga, wenye vyombo, mtu mmoja akinadi sabuni kwa kipaza sauti, na Mama Mvuke alisimama katikati yake akiwa haisikii hata moja. "Kwa nini hukuniambia?" alisema hatimaye.

"Nikuambie nini, Mama? Kwamba kuna mtu milimani anamwulizia fundi saa? Nilidhani saa yake imeharibika."

Alianza kuondoka, akageuka. "Usiondoke bila kupita kwangu. Tafadhali."

"Barabara ile haipitiki gizani."

"Najua. Pita tu."

Njiani alipunguza mwendo mpaka watu wakaanza kumpita kwa mabega. Ilikuwa rahisi kunyamaza. Angeweza kumtuma Gunia na salamu za siri, kupanda mwenyewe msimu ujao kwa kisingizio cha kutafuta majani, kumkumbatia mdogo wake na kurudi. Fundi angeendelea kupanda ngazi kila asubuhi na kumwita Dada. Hakuna ambaye angeumia. Lakini aliiona bilauri ile pale mezani na Fundi akisema aliyetengeneza hii ana mkono mzuri, na akajua hataweza kummiminia chai tena mtu yule akiwa na jambo hilo tumboni. Angeidondosha.

*

Fundi Saa alikuwa ameinamia saa ya mezani, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni. Saa za ukutani zililia kila moja kwa mwendo wake.

"Umepona?" aliuliza.

"Fundi, weka chini hicho."

"Nikiweka sasa kamani ya saa itaruka, sitaipata tena. Sema, nakusikia kwa masikio."

Akasema. Hakujua namna nyingine ila kwa majani, kwa hiyo alianza na majani: jinsi yalivyozunguka, doa, karai la baba. Kisha binti, mkono uliovunjika, swali la dirishani. Fundi hakuinua kichwa. Bisibisi yake nyembamba ilikuwa ndani ya saa na haikutikisika hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha Mama Mvuke, kwa sababu mkono wa mtu mzima huwa unatikisika kidogo.

"Unasema yuko hai," alisema Fundi.

"Nasema hivyo."

"Anakula. Analala. Ana mtoto."

"Ana binti."

"Mkubwa?"

"Nadhani ni mkubwa."

Kamani ikaruka. Wote wawili waliisikia ikigonga ukuta na kupotea sakafuni. Fundi akatoa kile kioo jichoni, na jicho lililokuwa nyuma yake lilikuwa na duara jekundu pembeni, lisilopepesa.

"Miaka yote hii," alisema taratibu, "nikikaa pale juu, nilikuwa nikikuhurumia. Nikilala nasema, afadhali mimi. Mimi nimemfunga wangu sanda kwa mikono yangu, yule dada hana hata hilo. Nilijipoza kwa kukuhurumia wewe."

"Najua."

"Hujui. Na leo asubuhi umenipa nimekunywa. Nikaisifu."

"Sikuwa nimejua nilipokumiminia. Nimejua ulipotaja ufuta."

"Mimi ndiye niliyetaja." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na kitu ndani yake. "Alisema atamrudisha mzima. Mimi sikumwomba. Alisema mwenyewe, hapo mlangoni, mkono kifuani. Kama angekuja baada ya ule mlima akaniambia, Kaka, nimeshindwa, unadhani ningemfanya nini? Ningemla?"

Mama Mvuke alitazama sakafuni, kamani ilikopotelea.

"Jibu. Ningemfanya nini?"

"Siku ile? Sijui, Fundi. Siku ile ulivunja saa zote za dukani."

Ilikuwa kweli. Mtaa mzima uliokota vioo. Akaitazama mikono yake, kisha akaelekeza mlango kwa kidevu. "Nenda juu, Dada. Niache kwanza."

Alipofika ngazi ya katikati alisikia mlango wa duka ukifungwa kwa ndani.

*

Alasiri ilikuja ikiwa nzito. Wateja walipanda, wakakuta meza bila mtu wa kuwahudumia, wakashuka wakiulizana. Mama Mvuke alisafisha birika ambalo lilikuwa safi. Chini hapakuwa na sauti, wala ya kulia, wala ya kuvunjika kwa kitu, na alijikuta akiomba angalau kioo kimoja kivunjike.

Kisha gari la Bwana Gunia likakohoa barabarani, na karibu wakati huo huo hatua zikapanda. Fundi Saa alisimama mlangoni. Alikuwa amevaa koti lake la safari, lile la kola pana, na amenyoa ndevu vibaya, kwa haraka, damu kidogo kidevuni.

"Umemwambia mama yako?"

"Bado. Naogopa nitamwua."

"Ukimwambia peke yako utamwua kweli, na huo uso wako. Twende wote." Hakusogea lakini. "Halafu ninapanda na Gunia."

"Wewe?"

"Ukienda wewe atalia, mtakumbatiana, na atabaki huko huko. Anayemfungia njia ni mimi. Basi nikifika mimi hana tena pa kukimbilia."

"Unakwenda kumfanya nini, Fundi?"

"Usiniulize hilo. Nimejiuliza tangu adhuhuri."

Wakaingia chumba cha nyuma. Bibi kizee alikuwa macho, kikombe kitupu mapajani, na alipowaona wawili wamesimama bega kwa bega akakiweka kando. Mama Mvuke akapiga magoti, akamshika viganja vyote viwili. Maneno aliyoyapanga yote yakamkimbia.

"Mama," alisema, "pumua kwanza."

"Napumua tangu nizaliwe. Sema."

"Shoto hakufa."

Hakuna kilichotokea. Mama Mvuke alisubiri mshtuko, mkono kwenda kifuani, macho kugeuka, kila kitu alichokihofia tangu asubuhi. Viganja vile vilibaki vimelegea ndani ya vyake, vya uvuguvugu. Alianza kudhani mama hakusikia. Ndipo alipoona kwamba machozi yalikuwa yameshafika kidevuni, yametoka bila uso kubadilika, kama maji yanavyojaa chungu chenye ufa.

"Wapi?" aliuliza Mama.

"Milimani. Juu kabisa."

"Anakula nini huko?"

"Sijui, Mama."

"Baridi ile. Alikuwa hapendi baridi." Kisha kitu kingine kikamjia, na hicho ndicho kilichomtikisa. Aligeuza kichwa kumtazama mtu aliyesimama nyuma ya binti yake, akalitazama koti, kidevu kilichokatwa, na mikono iliyokuwa haijui ikae wapi. Alimjua tangu akiwa kijana asiye na duka. "Na wako, baba?" aliuliza kwa sauti iliyopasuka. "Wako alikufa kweli?"

"Wangu alikufa kweli, Mama."

"Ulimwona?"

"Nilimwosha mwenyewe."

Bibi kizee akatikisa kichwa, akaendelea kukitikisa, polepole, kwa muda mrefu. Nje gari lilikohoa tena na Bwana Gunia akapiga honi fupi, ya adabu.

"Niletee viatu," alisema Mama.

"Mama, ngazi."

"Sikukuuliza habari za ngazi. Nimezaa mtu, nikamlilia, wakanipa pole na sukari. Niletee viatu vyangu."

"Daktari alisema..."

"Daktari alisema nisishtuke. Nimeshashtuka. Ameshapitwa."

Fundi Saa aliyekuwa amesimama kama mlingoti akatoa sauti ambayo ilikaribia kuwa kicheko, akaizuia kwa ngumi. Mama Mvuke akaingia chini ya kitanda, akavuta sanduku, akavitoa. Vilikuwa viatu vyeusi vya mikanda, vya kutokea, vimekakamaa kwa kukosa miguu. Aliweza kuingiza mguu wa kulia wa mama. Wa kushoto uliingia nusu, na mkanda ulipofika kwenye bizimu, ulimi wa bizimu ulikuwa umeshikwa na kutu. Akauvuta. Akauvuta tena, vidole vyake vikiteleza.

"Nipishe," alisema Fundi.

Alivua koti, akalitandika sakafuni, akapiga goti juu yake. Akauchukua ule mguu mdogo uliovimba kidogo kifundoni, akauweka juu ya paja lake. Alilitazama bizimu kwa karibu sana, kwa jicho moja, jingine limefumbwa, kama vile hapakuwa na kitu kingine cha kutazamwa duniani.

"Nikikuambia nenda na mimi, utanibeba ngazi?" aliuliza Mama, akizungumza na kisogo chake.

"Nitakubeba."

"Na huko juu, ukimwona?"

Fundi alitia vidole viwili katika mfuko wa shati, akatoa kichupa cha mafuta ya saa, kidogo kuliko kidole gumba, chenye sindano badala ya kizibo. Akakiinamisha. Tone moja likajikusanya kwenye ncha ya sindano, likaning'inia, likadondoka penye mshono wa bizimu.

"Usisogee, Mama," alisema. "Tuyaache yaingie."

Basi wakasubiri, watatu, wakilitazama tone hilo likinywewa na kutu, na mguu wa yule mama ukiwa umetulia juu ya paja la Fundi.